Uzoefu wangu na seti ya buti za sivi jointi: kuzibadilisha mwenyewe nyumbani, Kigoma

Gari langu ni Toyota IST inayovutwa na magurudumu ya mbele, na hutembea zaidi kati ya Gungu, Mwanga na Ujiji, mahali ambapo ukiacha lami kidogo tu unaingia kwenye vumbi jekundu wakati wa kiangazi na tope zito wakati wa masika. Kwa gari la namna hiyo, buti za sivi jointi, yaani ile mipira yenye mikunjo inayofunika maungio ya shafti (fimbo za chuma zinazopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi magurudumu; maungio hayo ndiyo sivi jointi), zinafanya kazi kubwa kuliko bei yake. Nilinunua seti nzima, nikaifunga mwenyewe uani kwangu, na sasa imepita msimu wa mvua. Nimeridhika na mpira wenyewe, lakini sijaridhika na klipu zilizokuja nao.

Sivi jointi ya nje, ile iliyo upande wa gurudumu, ina gololi sita zinazotembea ndani ya mifereji ya chuma, na ndizo zinazoliwezesha gurudumu kukata kona huku likiendelea kusukumwa na injini. Buti inapochanika, mzunguko wa shafti hurusha grisi yote nje, na dalili ya kwanza ni michirizi myeusi upande wa ndani wa rimu na kwenye shokapu. Baada ya hapo huingia mchanga, ambao ukichanganyika na grisi iliyobaki huisugua mifereji ile kama msasa. Buti mpya haitengenezi chuma kilichokwisha kulika, na ndiyo maana kipimo cha kwanza hufanyika kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kipimo hicho nilikumbushwa na jirani yangu, mzee aliyewahi kufanya kazi katika karakana ya reli. Aliniambia, “Mwanangu, usinunue mpira kabla hujaisikiliza jointi.” Tulikwenda kwenye uwanja mtupu, nikakata usukani hadi mwisho na kuendesha polepole nikizunguka, kwanza kulia, kisha kushoto, yeye akitembea pembeni. Ikisikika tak-tak-tak inayoongezeka kadiri unavyokanyaga mafuta, jointi imekwisha na fedha ya buti ni bora iongezwe kwenye shafti. Yangu ilikuwa kimya pande zote, ingawa buti ya nje ya kulia ilikuwa imepasuka kwenye mkunjo wa mwisho na grisi ilikuwa bado imejaa ndani. Hali kama hiyo ndiyo inayostahili buti mpya.

Madukani Mwanga nilikuta aina mbili. Ya kwanza ni buti iliyochanwa kwa urefu, ambayo hufungwa kwa gundi bila kufungua shafti. Inavutia kwa sababu kazi yake ni ya muda mfupi, lakini sikuitaka na simshauri mtu aichukue kwa barabara zetu: gundi inahitaji mpira usio na hata chembe ya grisi, na kupata usafi huo chini ya gari lililokuwa likivuja ni vigumu mno, na hata ikishika, mshono huo unakunjwa na kukunjuliwa kila gurudumu linapozunguka. Ya pili ni buti nzima inayouzwa pamoja na paketi ya grisi nyeusi na klipu za chuma, nami nilichukua hiyo, ya nje na ya ndani. Mwenye duka aliniruhusu kufungua mfuko, jambo ninaloliona la lazima, kwa kuwa mpira uliokaa rafuni miaka mingi huonekana mzima hadi uukunje. Nilifungua kila mkunjo kwa vidole nikitazama mwanga dirishani. Buti moja ilionyesha nyufa nyembamba kama nywele, naye akaibadilisha bila ubishi. Bei ya seti haikufika nusu ya ile niliyotajiwa kwa shafti moja ya mtumba.

Kazi yenyewe inamfaa mtu mwenye vifaa na subira. Nati ya shafti, ambayo kwenye gari langu ni ya milimita 30, lazima ilegezwe gari likiwa bado limesimama kwa tairi zake na mtu akiwa amekanyaga breki, baada ya kuinua kwa tindo ile sehemu iliyogongwa kuizuia isilegee. Kisha gari hupandishwa juu ya stendi za chuma. Ninasisitiza stendi, kwa sababu nimeona watu wakiingia chini ya gari lililoegemezwa kwenye matofali ya kuchoma, na tofali la kuchoma hupasuka bila kutoa onyo. Baada ya kutoa tairi nilitenganisha tairodi (fimbo ya usukani) na boli jointi ya chini (kiungo cha mkono wa chini), nikaivuta habu, yaani kitovu kinachobeba gurudumu, nje kwa uangalifu ili bomba la breki lisivutike.

Kwa magari ya Toyota ya aina hii, maelekezo ya kiwanda ni kutoifungua jointi ya nje, bali kuiingiza buti yake kutokea upande wa ndani. Nilikata klipu za buti ya ndani, nikaivuta shafti itoke pamoja na kichwa chake chenye roli tatu, huku kikombe cha jointi ya ndani kikibaki kwenye giaboksi. Kwa njia hiyo oili ya giaboksi haikumwagika, na sikulazimika kugusa oili sili (mpira unaozuia oili isivuje), jambo ambalo kwangu ni faida kubwa. Kabla ya kukitoa kichwa hicho niliweka alama ya rangi kwenye kikombe, kichwa na shafti, ili kila kitu kirudi kilipokuwa. Sikutumia sentapanchi, ile ncha ya chuma ya kugongea alama, kwa sababu hutoboa chuma kilichotengenezwa kwa vipimo vya karibu sana. Wakati wa kurudisha, upande wa kichwa ambao meno yake yamechongwa mteremko ndio unaotazama jointi ya nje.

Kusafisha kulichukua muda kuliko yote, na sioni sehemu ya kuharakisha hapo. Nilitoa grisi kuukuu kwa kitambaa, nikaosha jointi kwa mafuta ya taa huku nikiigeuza kila upande, nikaiacha ikauke kabisa, maana mafuta ya taa yaliyobaki huilainisha grisi mpya na si rafiki wa mpira. Nilizungusha utepe wa plastiki kwenye meno ya shafti ili yasiichane buti mpya inapopita. Grisi ya paketi niliitumia yote, nyingi nikiisukuma kwa kidole katikati ya gololi na iliyobaki nikiiweka ndani ya buti. Usichanganye na grisi ya kawaida ya beringi, kwa kuwa ya sivi jointi ina molibdeni ya kuhimili msuguano mkubwa. Kabla ya kukaza klipu ndogo niliingiza bisibisi nyembamba iliyofunikwa utepe chini ya mdomo wa buti ili hewa iliyobanwa itoke, na mikunjo ikakaa sawasawa bila kuvimba wala kunywea.

Hapo ndipo klipu za seti ziliponiudhi. Bati lake ni jembamba, na moja ilikatika sikioni nilipoibana kwa koleo. Mafundi wengi hapa huikimbilia waya wa kufungia nondo, ambao huukata mpira taratibu. Nilirudi Mwanga nikanunua klipu za chuma kisichoshika kutu zinazouzwa peke yake, na kwa maoni yangu kila anayechukua seti hii anunue hizo papo hapo. Nati ya shafti nilifunga mpya, nikaikaza kwa toki, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, niliyoazima gereji. Kwa magari mengi ya Toyota ya ukubwa huu kiwango kinachotajwa kinazidi Nm (newtonmita) 200, kwa hiyo mkono na spana ya kawaida hautoshi kukuhakikishia.

Tangu hapo nimekwenda Kasulu na Uvinza mvua zikinyesha, na kila ninapoosha gari hutazama ndani ya rimu. Hakuna mchirizi wa grisi, mikunjo bado ni laini, na klipu hazijasogea. Buti za upande wa kushoto zimeanza kukakamaa, nami nimeshanunua seti ileile kwa ajili yake, safari hii pamoja na klipu nzuri tangu mwanzo.