Good Vibrations: filamu ya mwenye duka asiyejua kuuza

Filamu za maisha ya wanamuziki tumeshazizoea. Kijana maskini, kipaji, umaarufu, madawa ya kulevya, kilio. Good Vibrations ya mwaka 2012 imewaacha wanamuziki pembeni ikamfuata mwenye duka, na ndiyo maana imenikamata.

Mwenyewe ni Terri Hooley, mtu wa kweli wa Belfast, Ireland ya Kaskazini. Miaka ya sabini Wakatoliki na Waprotestanti wanauana, askari wa Uingereza wamejaa mitaani, katikati ya mji jioni hapitiki. Yeye anafungua duka la santuri mtaa wa Great Victoria, ambako mabomu yanalipuka kila mara. Jicho lake moja ni la kioo, alilipoteza utotoni. Anayemuigiza ni Richard Dormer. Waliotazama tamthilia ya Game of Thrones watamkumbuka, yule wa upanga wa moto. Anaongea bila breki, ana ahadi nyingi, mfukoni hana kitu, na bado unamwamini.

Mimi kazi hiyo naijua. Nimeuza kanda, nikaja kuchoma sidii, sasa naingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi karibu na Soko Kuu hapa Mtwara. Kwa hiyo wakati wengine wanatazama ugomvi wa barabarani, mimi nilikuwa natazama kaunta. Na kaunta wameipatia. Kuna wateja wanaokaa mchana kutwa wasinunue, kuna anayejua kila wimbo kuliko mwenye duka, kuna vijana wanaokunja makasha ya santuri kwa mikono sakafuni, karatasi kwa karatasi, kwa sababu hela ya kulipia kiwanda haipo.

Muziki wa panki, ule wa magitaa ya haraka na kelele za vijana, Hooley anaukuta ukubwani, ukumbini, kundi la Rudi likiwa jukwaani. Polisi wanaingia, vijana wanawazomea mpaka wanatoka. Mtazame uso wake hapo. Ni mtu mzima anayerukaruka kama katoto kalikoona mvua. Baada ya hapo hashikiki: anaanzisha lebo yake ya kutoa santuri, na 1978 Rudi ndio wanaotoka wa kwanza.

Halafu wanakuja kundi la Undertones, watoto wa mji wa Derry, na wimbo wao "Teenage Kicks". Hapa waongozaji, Lisa Barros D'Sa na Glenn Leyburn, wamefanya kitu ambacho wengine wasingethubutu. Hooley anavaa spika za masikioni kuusikiliza, na sisi hatuusikii. Tunaona sura tu. Mimi vijana wa Chikongola, hapa Mtwara, wananiletea singeli zao, "Anko, isikilize hii," na wao wanakodolea uso wangu hivyo hivyo, hata kupepesa naogopa. Kampuni za muziki za London zinaukataa ule wimbo. Kisha John Peel, mtangazaji wa BBC, anaupiga redioni, na ukiisha anaupiga tena palepale. Nilisimama kwenye kiti, sioni haya kusema.

Na baada ya bahati hiyo? Wimbo unachukuliwa na kampuni ya muziki ya Sire kwa paundi 500 tu. Mwingine kwa wimbo kama huo angejenga ghorofa. Onyesho analoandaa kwenye ukumbi wa Ulster Hall nalo linafurika, lakini wakihesabu wanakuta hasara, maana nusu ya mji iliingizwa bure kwa kuwa ni marafiki. Mama watoto alikuwa pembeni yangu, akauliza, "Kodi ya pango analipa nani?" Swali la haki kabisa, na filamu inalikwepa. Ruth, mke wa Hooley, ameigizwa vizuri na Jodie Whittaker, ila kapewa kazi ya kusubiri mlangoni tu. Nyumba yao inaponzwa na madeni ya duka, na mama huyo anapata dakika chache za kukasirika. Ningepunguza ulevi wa baa nikamwongezea yeye.

Vita yenyewe imeonyeshwa kwa picha halisi za habari za enzi hizo, zinapita haraka. Asiyejua historia ataachwa kidogo, ila hofu ataielewa. Sisi tuliofunga maduka Mei 2013 wakati wa vurugu za gesi hapa Mtwara, magari ya jeshi yakipita, hatuhitaji maelezo marefu kuhusu kwa nini mtu kuwasha spika mlangoni siku kama hiyo ni ukaidi. Pale wanajeshi wanaposimamisha gari la bendi na kukuta Wakatoliki na Waprotestanti wamebanana humo humo, nilicheka peke yangu.

Filamu ina urefu wa saa moja na dakika arobaini hivi. Kiingereza cha Belfast ni kigumu, hata aliyesoma atatoka jasho, kwa hiyo washa maandishi chini. Kwenye mabanda ya video sijaiona ikipigwa. Tafuta mwenyewe na utazamie kwenye kitu chenye spika za maana, si simu. Matusi yapo ya kutosha, watoto wakalale kwanza.