Pia ya kusokotea uzi ya gramu 35: nzuri kwa sufu, si kwa pamba

Pia hii ya mbao ina kigurudumu juu na kulabu ya chuma. Uzito wake unatosha kuifanya izunguke muda mrefu bila kukata uzi wa unene wa kati. Msokotaji wa pamba asiinunue: nyuzi za pamba ni fupi, zitaachia kabla pia inayoning'inia kwenye uzi haijafika sakafuni. Pamba inataka pia nyepesi inayozungukia ndani ya bakuli.

Pia yoyote, izungushe kwanza hewani. Ikiyumba, ama kijiti kimepinda ama kulabu haiko katikati. Hii imetulia vizuri mno. Kasoro ni ncha ya kulabu, ina makali. Isugue kwa msasa laini isije ikanasa sufu.

Funga uzi wa kuanzia wa sentimita 50, zungusha, vuta sufu kidogo kidogo. Msokoto ukipanda kwenye sufu ambayo bado hujaivuta, unapata mabonge. Ukisokota kwa ajili ya kufuma kitambaa, uzi wa mtande (unaokwenda kwa urefu) uwe wa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja kwa kuzungusha upande wa kinyume. Wa mshindio (unaopita kwa upana) unaweza kubaki mmoja. Mwendo wa taratibu wa kusokota unatuliza akili kweli, ila pumzisha mabega mara kwa mara.