Mashine ya presha inayopiga kelele, lakini nimeiweka

Ukitafuta mashine ya presha ya nyumbani, chukua ya mkanda wa juu ya kiwiko, achana na ile ya kifundo cha mkono. Yangu nilinunua kwa kemisti mmoja upande wa River Road, shilingi 3,200, akaniacha niijaribu kwanza ndipo nitume M-Pesa.

Mimi ni fundi wa nguo Gikomba na nina sukari. Nikiinuka ghafla kwenye cherehani, giza linanifunga macho. Daktari akataka nipime nikiwa nimelala dakika 5, halafu nisimame nipime dakika ya 1 na ya 3. Na hapo ndipo mashine hii imenifaa.

Ukisimama, damu ya nusu lita au zaidi hushukia miguu na tumbo. Shingoni na kwenye mshipa mkubwa unaotoka moyoni kuna vihisio vinavyojua presha imelegea. Habari ikifika kwenye shina la ubongo, neva za simpathetiki, zile zinazojiendesha zenyewe, hubana mishipa na kuhimiza moyo, wewe hujaamuru chochote. Sukari ya miaka mingi inaweza kuziharibu neva hizo. Ndani ya dakika 3, namba ya juu ikianguka kwa 20, au ya chini kwa 10, peleka daftari kwa daktari. Mimi ya juu ilitoka 138 ikaja 112. Lakini daktari alikazia macho mapigo ya moyo: yalipanda matano tu, na kwa presha kuanguka hivyo moyo ulitakiwa kukimbia zaidi.

Sasa kasoro. Inachukua karibu dakika nzima kutoa jibu, kwa hiyo kizunguzungu cha zile sekunde za kwanza hainasi. Hifadhi yake haijui ulilala au ulisimama. Naandika mwenyewe kwenye daftari la vipimo vya wateja, presha yangu chini ya kiuno cha bwana harusi. Mpira wake ni mfupi, na mkono lazima uwe usawa wa moyo, basi ukisimama tafuta rafu ya kuiweka. Halafu ile sauti! Inasoma namba kwa Kiingereza, kwa nguvu, na haina kitufe cha kuizima. Jirani yangu wa mitumba anaijua presha yangu kuliko mume wangu.

Mwenye mkono mnene aombe mkanda mkubwa, kwa sababu ukibana sana unapandisha namba za uongo. Huuzwa kando.