Uzoefu wangu na kipimo cha PCR kwa homa ya papasi hapa Dodoma

Kwa wenzangu mnaopokea wagonjwa wa homa kutoka Chamwino, Mpwapwa, Bahi na Kongwa: kipimo cha vinasaba (PCR, kinachonakili vinasaba vya kijidudu hadi vionekane) cha homa ya papasi nakitumia maabara mara kwa mara, na nakipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeizuia kwa sababu majibu yake yanategemea zaidi saa damu ilipochukuliwa kuliko yanavyotegemea ubora wa mashine, na wengi wanaokiagiza hawajaelezwa hilo.

Ugonjwa wenyewe unatokana na Borrelia duttonii, bakteria aliyejipinda kama skrubu. Anaenezwa na papasi wanaojificha kwenye nyufa za kuta na sakafu za udongo, hasa kwenye nyumba za tembe. Papasi hunyonya usiku kwa muda mfupi, aghalabu chini ya nusu saa, kisha anarudi ufani, kwa hiyo usitegemee mgonjwa akumbuke kuumwa. Homa hupanda siku chache, ikashuka yenyewe, halafu baada ya kama wiki moja ikarudi. Kwa mjamzito inaweza kutoa mimba, na kwa mtoto mchanga inaua.

Zamani kila mwenye homa alipigwa slaidi, na mtaalamu aliyetafuta malaria kwenye tone nene la damu lililopakwa rangi ya Giemsa alimwona Borrelia humo humo. mRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, haiwezi kumwona, maana inatafuta protini ya malaria tu. Tena protini hiyo, HRP2, hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya malaria kuisha. Hapo ndipo mtego ulipo: mtoto ana homa ya papasi, mRDT inasoma chanya ya malaria ya mwezi uliopita, anapewa dawa mseto, na siku ya tatu homa inashuka kwa sababu ndiyo tabia ya ugonjwa huu. Kila mtu anaamini dawa imefanya kazi. Ikirudi, inaandikwa malaria nyingine.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni muda. Chukua damu wakati homa iko juu na kabla ya antibayotiki. Homa ikishashuka, bakteria hupungua sana kwenye damu na PCR inaweza kutoa hasi kwa mgonjwa halisi. Doxycycline nayo huwasafisha haraka, kwa hiyo sampuli iliyochukuliwa kesho yake baada ya dozi haina thamani kubwa.

Tumia chupa ya EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande), ile ya kifuniko cha zambarau, mililita 2 hadi 4. Ya kijani ina heparini, nayo huzuia PCR. Usitenge plazima (majimaji ya damu), leta damu nzima, kwani Borrelia huyu hujibandika kwenye chembe nyekundu na ukizungusha damu sehemu yake hubaki chini. Hifadhi nyuzi 2 hadi 8, na ndani ya siku mbili vinasaba viwe vimeshachujwa. Tone kwenye karatasi ya chujio husafiri vizuri bila barafu kwenye joto letu la Oktoba, ila hubeba damu kidogo mno.

Udogo huo wa damu ndio wengi hawaupigii hesabu. Vifaa vingi vya kuchuja vinasaba huchukua mikrolita 200 za damu na kutoa mikrolita 100 za mchujo, yaani maji yenye vinasaba. Ukiweka mikrolita 5 za mchujo kwenye PCR, umepima damu mikrolita 10 tu. Mgonjwa mwenye bakteria 100 kwa mililita atakuwa na mmoja kwenye kijichupa chako, na kwa bahati mbaya asiwepo hata huyo. Mimi hutoa mchujo wa mikrolita 50 badala ya 100, na huendesha kila sampuli mara mbili. Hata hivyo PCR inaizidi darubini kwa mbali, kwa kuwa tone nene linahitaji kama bakteria elfu kumi hadi laki moja kwa mililita ndipo uone kitu kwa uhakika.

Damu ina hemoglobini, nayo pia huzuia PCR. Ndiyo maana sikubali jibu la hasi lisilo na kontroli ya ndani, yaani vinasaba vya majaribio vinavyowekwa kwenye sampuli kuhakikisha PCR imefanya kazi. Kontroli hiyo ikichelewa, punguza mchujo mara kumi kwa maji safi kisha rudia. Kwa kawaida Ct (idadi ya mizunguko kabla mashine haijaona vinasaba) hupanda kama 3.3 ukipunguza mara kumi. Ikishuka badala ya kupanda, kizuizi kilikuwepo na ile hasi ya mwanzo haina maana. Ct ya 37 au 38 kwenye kijichupa kimoja kati ya viwili siiripoti kama chanya. Nachuja upya kutoka kwenye damu.

Uchafuzi ndio unaoumiza maabara nyingi. Tumia PCR ya kijichupa kilichofungwa mwanzo hadi mwisho, na epuka zile za hatua mbili zinazokulazimu kufungua chupa katikati. Kontroli hasi (sampuli isiyo na bakteria) ianzie kwenye uchujaji, isiwe maji yaliyoongezwa mwishoni. Na tafadhali, anayepima papasi waliokusanywa vijijini asifanye kazi hiyo kwenye meza ya damu za wagonjwa. Papasi mmoja aliyeambukizwa anaweza kuharibu kazi ya wiki nzima.

Kuna wanaotaka kuruka PCR waende moja kwa moja kwenye kusoma mfuatano wa jeni ya 16S, iliyomo kwa kila bakteria, kwa mashine ndogo kama MinION, ili bakteria yeyote ajitokeze. Ni njia nzuri pale ambapo hujui unatafuta nini, lakini kwa Borrelia ina mitego miwili. Praima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha PCR) ya kawaida ya mbele, 27F, hailingani vizuri na Borrelia, kwa hiyo lazima uchanganye na praima iliyorekebishwa kwa ajili yake, la sivyo utasoma maelfu ya bakteria wa ngozi na wa vitendanishi (kemikali za kipimo) huku Borrelia mwenyewe umemkosa. Pia 16S haimtenganishi vizuri B. duttonii na B. recurrentis anayeenezwa na chawa, kwa kuwa ni ndugu wa karibu mno. Kwa kuwatofautisha, soma eneo lililo kati ya jeni za 16S na 23S. Na kwa virusi njia hii haioni kabisa: homa ya Bonde la Ufa, iliyoupiga vibaya mkoa wetu mwaka 2007, inahitaji PCR ya RNA.

Majibu huchelewa, kwa sababu kuendesha sampuli mbili tatu pekee kunamaliza kontroli na vitendanishi, na maabara husubiri zikusanyike. Usimweke mgonjwa akingoja. Piga slaidi ya tone nene siku hiyo hiyo, ukimwona Borrelia anza tiba, na PCR ibaki kwa wale ambao slaidi imesoma hasi na homa inarudi. Dozi ya kwanza itolewe mgonjwa akiwa chini ya uangalizi, maana ndani ya saa chache anaweza kutetemeka, homa ikapanda na presha ikashuka bakteria wanapokufa kwa pamoja.

Kwenye fomu andika tarehe homa ilipoanza, kama imewahi kushuka na kurudi, joto la mwili wakati wa kuchukua damu, dawa zote alizokwisha kumeza pamoja na za duka la dawa, kijiji anacholala, na kama ni mjamzito. Fomu inayosema «homa» peke yake hunilazimu kupiga simu kabla ya kutafsiri hasi yoyote.