Programu ya simu ya kutambua uyoga: uzoefu wangu baada ya misimu miwili ya mvua

Kwa misimu miwili ya mvua nimekuwa nikiingia msituni na kuvuka nyanda za nyasi nikiwa na programu ya simu inayotambua uyoga kwa picha. Naandika niliyoyaona kwa sababu tathmini nyingi nilizozisoma kabla ya kuipakua ziliandikwa na watu walioitumia siku moja au mbili tu. Kwa kuweka kumbukumbu, inashinda daftari lolote nililowahi kubeba. Lakini kazi ya kuamua uyoga huu ni upi haifai kuachiwa peke yake, na kasoro yake kubwa iko mahali ambapo mtumiaji mpya hawezi kuiona.

Kuna aina ambazo huzitambua bila kusita. Schizophyllum commune, unaoota juu ya magogo na matawi makavu karibu katika kila bara, una vibamba (vile vipande vyembamba vilivyopangana chini ya kofia) vilivyopasuka kwa urefu chini ya kofia yake ndogo yenye manyoya, na programu haikuukosea hata mara moja. Vivyo hivyo kwa Pycnoporus sanguineus, wenye rangi ya chungwa iliyokolea, na kwa kuvu wa jenasi ya Geastrum wanaofunguka kama nyota. Lakini hizi ni aina ambazo hata mtu anayejifunza huzijua baada ya kuonyeshwa mara moja.

Tukio lililonifungua macho lilitokea katika uwanda wa nyasi, siku chache baada ya mvua kubwa. Nilikuta uyoga mweupe wenye kofia pana kuliko kiganja changu, iliyotapakaa magamba ya kahawia, na shina refu lenye pete inayoweza kusogezwa juu na chini. Programu ilitoa jina la Macrolepiota procera, ambao umezoeleka kuhesabiwa miongoni mwa uyoga unaolika, na pembeni ikaonyesha uhakika wa zaidi ya asilimia 90. Nilipiga picha ya upande wa chini pia, nayo ikashikilia jibu lile lile, kwa kuwa kofia ilikuwa imefunguka karibuni na vibamba vilikuwa bado vyeupe. Nilikata kofia, nikailaza kifudifudi juu ya karatasi ambayo nusu yake ilikuwa nyeupe na nusu nyeusi, nikaifunika kwa bakuli ili upepo usipeperushe spora, yaani chembe ndogo kama unga ambazo uyoga huzaliana kwazo, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi nilikuta unga wa kijani kilichofifia, umejipanga kama miale kutoka katikati. Rangi hiyo ndiyo alama ya Chlorophyllum molybdites, uyoga wa nyasini ambao humfanya aliyeula atapike na kuharisha vibaya ndani ya saa chache. Spora za Macrolepiota procera ni nyeupe. Zaidi ya hayo, shina lake lina michirizi ya kahawia mfano wa ngozi ya nyoka, ilhali shina la uyoga wangu halikuwa na michirizi yoyote, jambo ambalo lingetosha kunitia shaka kama ningelitazama shina kabla ya kuitazama simu. Tangu zama za Elias Fries, mwanasayansi wa Uswidi aliyeishi kati ya 1794 na 1878, rangi ya spora imekuwa nguzo ya kupanga uyoga wenye vibamba, lakini programu hii haiulizi kabisa.

Ilinichukua muda kuelewa asilimia ile inapima nini. Programu ya namna hii hufunzwa kwa picha zilizokwisha kupewa majina, kisha huilinganisha picha mpya na majina inayoyajua na kugawa uzito kati yao. Kwa hiyo namba kubwa haithibitishi kwamba jina ni sahihi. Inaonyesha tu kwamba miongoni mwa majina yaliyomo, hilo ndilo lililokaribia zaidi, na uyoga ambao haumo kabisa katika orodha nao utapewa jina. Aina za kuvu zilizokwisha kupewa majina ya kisayansi ni takriban 150,000, ilhali makadirio yaliyochapishwa mwaka 2017 yanazitaja kuwa kati ya milioni 2.2 na milioni 3.8 duniani kote.

Msituni hatari ni kubwa zaidi. Amanita phalloides huota karibu na miti ambayo mizizi yake hushirikiana na nyuzi za kuvu huyo, hasa mialoni. Kofia yake mara nyingi ni ya kijani chenye umanjano, ingawa yaweza pia kuwa nyeupe. Vibamba ni vyeupe na havigusi shina, lipo pindo la pete, na sehemu ya chini ya shina imezungukwa na kifuko kama ganda la yai lililopasuka. Kifuko hicho kwa kawaida kimefukiwa na udongo na majani yaliyooza, kwa hiyo anayekata shina juu ya ardhi hukiacha pale pale, na kamera haina namna ya kukiona. Sumu yake, amatoksini, haiharibiki kwa kupikwa. Dalili huchelewa kwa saa 6 hadi 24, kisha mgonjwa huonekana amepata nafuu huku ini likiendelea kuharibika. Ndiyo maana sasa mimi huchimbua taratibu uyoga mmoja mzima, na kuiacha iliyobaki mahali pake.

Yapo pia mambo ya pua na vidole. Agaricus xanthodermus hugeuka manjano iliyokolea unapokatwa chini ya shina na hunuka kama wino; Lactarius hutoa utomvu kama maziwa; shina la Russula huvunjika kama chaki. Uyoga mdogo wa kahawia, ambao msituni haukosekani, ulipewa jina tofauti kila nilipobadilisha pembe ya picha.

Ninachokithamini kwa dhati ni kumbukumbu. Kila picha huhifadhiwa pamoja na tarehe na mahali, hata pasipo mtandao, na nafasi ya maelezo huniwezesha kuandika mti uliokuwa jirani, harufu, na mabadiliko ya rangi baada ya kukata. Jina ninaloletewa hulichukua kama pa kuanzia uchunguzi, na sijawahi kula uyoga wowote kwa jibu la simu. Nimewaandikia watengenezaji nikiomba mambo mawili: programu isitoe jina kabla ya kupokea picha ya sehemu ya chini ya shina iliyochimbuliwa, na iweke nafasi ya kujaza rangi ya spora. Toleo ninalolitumia sasa bado linatoa jina kwa picha moja ya kofia.