Nguo za watoto Karume: chukua rompa, acha suruali

Soko la mitumba la Karume, Ilala, Dar, linamfaa zaidi mwenye mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Kichanga hukua haraka kuliko nguo inavyochakaa, kwa hiyo rompa ya mtumba ya miezi 3 huwa bado ngumu, rangi imekolea. Wakishaanza kutembea ni hadithi nyingine: suruali za miaka 2 hadi 4 nyingi zimeisha magotini. Hizo kanunue mpya Kariakoo.

Fika asubuhi, belo (marobota ya mitumba) zinapofunguliwa. Nguo kali hutundikwa kwenye henga na bei yake imechangamka, zinazobaki humwagwa chini, "buku buku, chagua!", yaani elfu moja moja. Nafuu iko kwenye fungu, ila inataka macho.

Lebo za umri zinachanganya. Za Ulaya mara nyingi hutaja urefu wa mtoto kwa sentimita: 56 ni kichanga, 74 ni miezi 6 hadi 9, 80 ni kuelekea mwaka. Tena pamba ikifuliwa kwa maji ya moto hurudi. Beba rompa inayomtosha sasa, ilaze juu ya unayotaka, bega kwa bega.

Funga na ufungue vifungo vya kubana vyote, hasa vya mapajani. Hivyo huvutwa kila nepi inapobadilishwa. Kitambaa kikishatoboka pembeni ya kifungo, fundi hana pa kushikia. Vuta mpira wa kiunoni karibu na sikio: ukilia kama karatasi, umekufa. Doa la maziwa shingoni lililogeuka njano halitoki, usijidanganye na Jiki. Kamba za kofia zing'oe zote, zinaweza kumnyonga.

Majaketi ya manyoya hushawishi kwa bei. Kwa joto la Dar ni vipele tu; waachie watu wa Njombe.

Nyumbani loweka kwa maji ya moto na sabuni, suuza mpaka harufu ya dawa iishe, anika juani, kisha piga pasi ndani na nje, mishono pia. Kuna nzi anayetaga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, na funza wake huingia ngozini. Joto la pasi ndilo linaloua mayai.

Soksi na vesti usizitafute kwenye fungu. Nguo za ndani za mitumba zimekatazwa nchini, na mpya Kariakoo zinauzwa kwa dazeni.