Mbeleko ya mashine ya kunyanyulia mgonjwa: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Watu huvutana bei ya mashine wiki nzima, halafu kitambaa wanachukua chochote alichonacho muuzaji. Sisi tulifanya hivyohivyo. Mama alikuwa na miezi minne tangu kiharusi kimpige upande wa kushoto, tuko Nkuhungu, Dodoma, na mashine ya pampu ya mkono ikaja kwa basi kutoka Dar ikiwa na slingi yake, yaani kitambaa cha kumbebea mgonjwa, ndani ya nailoni. Saizi kubwa. "Kubwa ndiyo nzuri, inamtosha yeyote," muuzaji alisema kwenye simu. Mara ya kwanza kumpandisha, makalio yalianza kushuka taratibu katikati ya mikanda, dada akamdaka. Mama mwenyewe ndiye aliyetutuliza: "Nishusheni, wanangu. Mmenifunga kama mbuzi wa mnada wa Msalato."

Madukani wanaiita slingi. Nyumbani kwetu ni mbeleko, na jina limekaa, maana mashine inavuta juu tu. Anayebebwa anabebwa na kitambaa.

Kabla hujapiga simu popote, chukua futi ya fundi cherehani. Pima mgongo kuanzia mfupa wa mkia hadi utosini, au hadi mabegani kama shingo yake inajishikilia yenyewe. Pima paja, kutoka nyuma ya makalio hadi karibu na goti. Zungusha futi nyongani. Andika na kilo zake. Muuzaji akikujibu kwa herufi tu, M au L, mwombe chati ya kiwanda kilichoishona, kwa sababu M ya huku si M ya kule. Ikizidi, mtu anateleza kama mama. Ikipungua, inamkata kwenye mapaja na kumkunja mbele.

Kuhusu kilo, namba ndogo ndiyo inayotawala: mashine ikiandikwa 150 na slingi 200, kikomo chako ni 150.

Jambo la pili la kuuliza ni namna inavyoshikana na mashine. Ziko za vitanzi, zinazotundikwa kwenye kulabu za boriti ya juu, na ziko za klipu za plastiki zinazobana kwenye vifundo vya chuma. Hizi mbili haziingiliani, na usiruhusu mtu akuonyeshe ujanja wa kuziunganisha kwa kamba. Piga picha boriti ya mashine yako, umtumie muuzaji. Mimi napendelea vitanzi, maana vina rangi, na rangi ndizo zinazokupa mkao: kitanzi kifupi mabegani na kirefu miguuni, mgonjwa anakaa wima, ukigeuza, analala nyuma. Cha msingi, rangi ya kulia iwe ileile ya kushoto.

Sasa tuzipange.

Ya kwanza kwangu, bila kusita, ni ya miguu miwili yenye egemeo la kichwa. Mgongoni ni kipande kimoja, chini imegawanyika. Kila mguu wa kitambaa unapita chini ya paja lake na kutokea katikati, kisha unavipishanisha vitanzi ndipo unatundika. Kule kupishanisha kunambana asiteleze na pia kunamfunika, jambo ambalo mama mkwe wa mtu atalishukuru. Sababu kubwa ya kuipa nafasi hii ni kwamba inavalishwa na kuvuliwa mgonjwa akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu. Huachi kitambaa kimekunjamana chini yake mchana kutwa, na mikunjo hiyo huchangia vidonda vya mgandamizo. Lakini kama mguu umekatwa juu ya goti, hii ya kawaida isimguse: kigutu kinaweza kuchomoka. Kuna iliyoshonwa kwa ajili ya watu hao, itaje kwa muuzaji tangu mwanzo.

Ya pili ni dada yake, umbo lilelile ila ya wavu. Maji yanapita, kwa hiyo unamwogeshea humohumo, na kwa ukavu wa hewa ya Dodoma ukiianika asubuhi, mchana unaitumia. Ningeiweka juu, ila mzee mwenye ngozi nyembamba wavu unamkwaruza. Ukiweza, nunua zote mbili, ili moja ikiwa kambani nyingine iwe kazini.

Ya chooni ni ya tatu, na hapa nawaomba muwe wagumu. Wauzaji wanaipenda kwa sababu inavaliwa haraka: chini iko wazi, kifuani mkanda, mikono inabaki nje. Inamfaa anayeweza kushikilia kiwiliwili na kichwa chake mwenyewe. Asiyeweza anapenya katikati na kuanguka. Mama haimfai, na mtaalamu wa fiziotherapia alisema hivyo kabla sijamaliza kuuliza.

Ya kusimamia hutumika na mashine ya aina nyingine kabisa, kwa mtu anayekanyaga walau kwa mguu mmoja na kufuata maelekezo. Kama mashine yako ni ya kumbeba mgonjwa mwili wote, ipite.

Ya mwisho ni ile ya kipande kimoja kama machela. Inalaza vizuri, lakini kuivua mgonjwa akiwa kitini ni shughuli, kwa hiyo wengi wanamwacha ameikalia.

Ya fundi wa turubai siiweki kwenye orodha. Fundi wetu pale Majengo anashona vizuri kuliko viwanda vingine, ila hakuna aliyejaribu mshono wake kwa uzito wa mtu anayening'inia, na hilo sitaki kulijua mama akiwa hewani.

Ya mtumba nayo iangalie kwanza lebo. Ikifutika, huna kilo wala saizi, umenunua tambara. Uingereza, za mahali pa kazi sheria inataka zikaguliwe kila miezi 6. Nyumbani kagua kila unapomnyanyua, hasa mshono pale kitanzi kinapoungana na kitambaa. Jiki na pasi visiikaribie. Usiianike juani pia. Jua letu la Septemba linalegeza nyuzi polepole, huku kitambaa kikionekana kizima. Kivulini, upepo unatosha.

Siku ya kwanza, pandisha kidogo tu, mgongo uachane na godoro, usimame hapo. Tazama vitanzi vyote, muulize panapombana. Kisha endelea.

Mama sasa anatumia ya wastani. Ile kubwa iko kabatini, kwa sababu muuzaji aligoma kuipokea, nailoni ilishafunguliwa. Hilo nalo liulize kabla ya kutuma pesa.